Panya Niliowaamkia

Siku ya kuniaga mlinipa kanga, saa ya ukutani na kazi moja ya nyumbani. Kanga naivaa. Saa ipo chumbani kwangu, inakimbia dakika kumi mbele utadhani inawahi basi la Dar. Kazi ya nyumbani ndiyo hii: mlitaka niwaandikie namna ya kumshika panya wa maabara bila kuumwa. Ingekuwa ni hilo peke yake ningemaliza kwa mistari miwili. Mshike mabegani, kiganja juu ya mgongo, kidole gumba chini ya kwapa moja na kidole cha shahada chini ya jingine, na usiwe na haraka. Akikuuma, ulikuwa na haraka. Lakini mlinipa na daftari zima la kuandikia, na mimi sikuzoea kurudisha daftari tupu. Sababu yake mtaiona huko mbele.

Vyeo sitavitaja. Nilianza nikiwa mtunza wanyama na nimestaafu nikiwa mtunza wanyama. Katikati hapo walibadilisha jina la kazi mara tatu, koti likabaki lilelile.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya visigino, kwa sababu niliposikia neno maabara nilifikiria meza za vioo na watu wanaonong'ona. Msimamizi wa chumba cha wanyama alikuwa Mzee Issa, mtu wa Mikindani, mwembamba, kofia nyeupe kichwani kila siku ya Mungu, na swala haimpiti hata mashine zikiungua. Aliniangalia viatu kwanza, uso baadaye.

"Mwanangu, umekuja harusini au kwa panya?"

"Kwa panya, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Jina?"

"Somoe."

"Kwenu wapi, Somoe?"

"Nanyamba."

Aliliweka chini pipa la chakula alilokuwa amelishika. "Mmakonde wa Nanyamba," alisema polepole. "Basi nisikilize vizuri, maana sitarudia. Hawa si mboga."

Kwa wageni walioletwa hapa na kazi, nieleze. Kwetu panya wa shambani ni kitoweo kama kitoweo kingine, na ana jina la heshima, tunamwita samaki nchanga. Mzee Issa, kama watu wengi wa pwani, alikuwa hawezi hata kulisikia jina hilo akiwa anakula. Mwaka mzima wa kwanza aliwahesabu panya asubuhi kabla sijaingia na jioni kabla sijatoka, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja na midomo ikicheza, mimi nimesimama mlangoni na pochi yangu kama mtu anayesubiri kukaguliwa bandarini. Siku moja jioni akaniambia tu, "Haya, nenda, nitafunga." Hakuhesabu. Nilitembea mpaka nyumbani nikitabasamu peke yangu, kwa sababu siku ile ndipo nilipojiona nimeajiriwa kweli.

Mama yangu naye alikuwa na lake. Nilipomweleza kwamba tunawapa chakula cha punje kutoka Dar, tunawabadilishia matandiko mara mbili kwa wiki, na wakisikia joto tunawawashia pangaboi, alinitazama kwa huruma. "Kisha hamuwali?" "Hatuwali, mama." "Na wakubwa zako wanajua?"

Mambo niliyofundishwa na Mzee Issa ndiyo niliyoishi nayo. Kwanza maranda. Panya analala juu ya maranda ya mbao, na mti usiofaa unamwasha pua na macho. Mzee Issa alikuwa akifungua kila gunia, anaingiza mkono mpaka kiwikoni, anatoa konzi moja na kuinusa macho yamefumbwa kama mtu anayechagua udi. Tulikuwa tunayafuata maranda kwa seremala mmoja karibu na Kilambo, ambaye wazee wake walivuka Ruvuma kutoka ng'ambo zamani na yeye mwenyewe bado anakuamkia kwa Kireno kabla hajakumbuka yuko upande gani. Mzee Issa akinusa na kukunja uso, gunia linarudi. Seremala alikuwa akilalamika kwamba maharusi wananunua vitanda vyake bila kuvinusa.

Pili, kupima presha. Ninyi mna mashine mpya inayoimba. Yetu ilikuwa kimya na yenye kiburi. Panya anaingizwa kwenye bomba la plastiki, mkia unabaki nje, mkia unapashwa joto kidogo ili damu itembee, kisha kimkanda kidogo kinavishwa mkiani, kinajaa upepo, kinalegea, mashine inasoma. Ni kilekile wanachokufanyia zahanati, ila huyu mgonjwa ana mkia. Mzee Issa hakuniruhusu kupima panya ambaye hajazoeshwa bomba kwa siku nyingi. "Ukimpima leo," alisema, "utakuwa umepima woga wake. Presha yake hujaiona."

Tatu, daftari la chumba. Hili alilisema mpaka nikawa naliota. "Kila unachomfanyia mnyama, andika. Ukimlisha, andika. Ukimgusa, andika. Ukimwangusha, andika mara mbili, maana mara ya kwanza mkono utatetemeka na hatutasoma." Nikawa naandika. Niliandika mpaka siku mjusi alipoingia chumbani na kutoka. Jambo moja tu sikuliandika, na ndilo lililonifanya niwaandikie ninyi leo.

Mzee Issa alistaafu, akarudi Mikindani kwenye nyumba yenye wajukuu wasiohesabika, na funguo nikaachiwa mimi. Miaka ikapita, panya wakaja na kuondoka, kisha akaja Daktari Rehema.

Daktari Rehema ni Mmakua wa Masasi, yaani mtani wangu, na kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Alikuwa mtu wa kazi. Akiingia mlangoni, sentensi yake ya kwanza ilikuwa tayari katikati: "...na vile vizimba vya juu vimeoshwa?" Salamu alikuwa hana. Si kwa kiburi, nilikuja kugundua, bali alikuwa amesoma miaka mingi mbali na kwao mahali ambapo watu hupita kimya, na alikuwa hajarudi vizuri. Mimi nilikuwa nikimwamkia kwa makusudi, polepole, habari za asubuhi, za nyumbani, za Masasi, za mvua, mpaka mguu wake uanze kucheza. Nilikuwa na haki hiyo ya mtani na niliitumia.

Swali lake lilikuwa rahisi kulisema. Je, upweke mtupu, bila njaa wala maradhi wala kipigo, unaweza kupandisha presha? Mama yake alikuwa amebaki peke yake katika nyumba kubwa huko Masasi baada ya watoto wote kutawanyika, na presha yake ilikuwa haishikiki kwa dawa. Hilo aliniambia mara moja tu, akiwa ameinamia kompyuta, na hakulirudia.

Basi tukawagawa panya. Chumba cha Kwanza waliishi watatu watatu, wanalaliana, wanachanana manyoya, wanagombea chupa ya maji. Chumba cha Pili waliishi kumi na wawili, kila mmoja na kizimba chake kilichozibwa ubavuni asimwone jirani. Chakula kilekile, maranda yaleyale, joto lilelile. Na sharti moja la Chumba cha Pili: usiwazoee. Ingia, lisha, safisha, pima, toka. Daktari alinisomea sharti hilo na mimi nikatia saini.

Sasa hapa ndipo mnisikilize ninyi mliokulia kwingine. Nilipokuwa mdogo Nanyamba, jirani yetu alikuwa bibi mmoja aliyefiwa na mumewe na hakuwa na mtu ndani. Kila asubuhi mama alinituma kwake kabla sijaenda shule. Kazi yangu ilikuwa kugonga dirisha mara mbili, kusema hodi, bibi umeamkaje, na kusubiri. Sharti la mama lilikuwa kwamba nisiondoke mpaka aitike. Akiitika, nakimbia. Asipoitika, nakimbia zaidi, namwita mama, na mlango unasukumwa. Kwetu kila anayelala peke yake alikuwa na mtoto wa kumwita asubuhi, na bibi yule alikuwa akichelewa kuitika kwa makusudi ili nichelewe shule kidogo.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofungua Chumba cha Pili na kukuta kumi na wawili, kila mmoja peke yake katika chumba chake, mkono wangu ulijipeleka wenyewe. Niligonga kizimba cha kwanza kwa ukucha, mara mbili. "Hodi. Umeamkaje?" Nikasubiri. Panya akatoka konani, akasogea, akaweka pua kwenye waya. Nikaona ameitika, nikaenda kwa wa pili. Nilifanya hivyo kwa wote, na kesho yake, na keshokutwa. Namba Saba alikuwa mgumu, alinisubirisha mpaka maji yakachemka jikoni kwa wafanyakazi na kukauka. Lakini sikuondoka. Wakati mwingine nilipitisha ncha ya kidole kwenye waya na yeye akaishika kwa mikono yake miwili midogo.

Sikuona kama navunja sharti. Kuwazoea, kwa mawazo yangu, ni kuwapa majina na kuwabeba mfukoni. Kuamkia si kuzoea. Hata mtu usiyempenda unamwamkia. Na katika daftari sikuandika, maana nani duniani huandika kwamba leo amesalimia?

Baada ya miezi mitatu Daktari aliniita kwenye kompyuta yake. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa kila chumba, inakwenda sambamba kama reli.

"Unaona, Bi Somoe? Hakuna tofauti," alisema. "Upweke hauna neno. Wakubwa wamesema ikiwa hivi hatutaendelea. Naandika ripoti wiki ijayo, tufunge." Alijaribu kusema kwa sauti ya kawaida, lakini nilimwona akikunja na kukunjua mfuniko wa kalamu.

"Na hapa palipoinuka?" niliuliza. Mstari wa Chumba cha Pili ulikuwa na kilima kimoja.

"Ile wiki umeme ulikuwa unakatika. Wameshtuka na jenereta."

Nilisogea nikasoma tarehe chini ya kilima. Ilikuwa wiki niliyoomba ruhusa kwenda Nanyamba kumsaidia mama kuokota korosho. Aliyenishikia kazi wiki hiyo alikuwa Daktari Rehema mwenyewe, ambaye hajawahi kumwamkia hata binadamu. Umeme ulikatika vyumba vyote viwili, na mstari wa Chumba cha Kwanza haukuinuka hata kidogo. Niliporudi na mfuko wangu wa korosho, kilima kikashuka.

Nilisema "Ehe." Kisha nikaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Hakuna aliyeniona. Daktari angeandika ripoti yake, vizimba vingepewa watu wengine, na mimi ningestaafu na jina langu zuri miaka michache baadaye. Lakini kila nilipofikiria hivyo nilimwona mama wa Masasi ndani ya nyumba kubwa, na binti yake anamwandikia dunia kwamba upweke hauna neno, kwa sababu tu mimi ni mtu wa salamu.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Mikindani. Mzee Issa alikuwa barazani anamenya chungwa, wajukuu wanapita juu yake kama yeye ndiye ngazi. Nilimweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu.

"Ngoja nielewe," alisema. "Yaani umewaamkia kila asubuhi, kwa adabu, panya ambao mama yako angewatia chumvi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wao wakaitika?"

"Wote. Namba Saba kwa kuchelewa."

Alicheka mpaka mjukuu mmoja akaanguka. Kisha akaacha kucheka. "Uliandika?"

"Sikuandika."

"Daftari lile lina jina lako, Somoe. Nenda kaandike." Akanipa nusu ya chungwa, na hakulizungumza tena. Tulizungumza habari za magoti yake.

Jumatatu niliingia kazini mapema, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe ya siku ile na chini yake: Tangu siku ya kwanza ya jaribio nimekuwa nikiwaamkia panya wa Chumba cha Pili, mmoja mmoja, mpaka waitike. Sikuandika kwa sababu sikujua kwamba ni kitu. Nikatia saini. Mkono ulitetemeka, nikaandika mara ya pili kama nilivyofundishwa. Daktari alipoingia nilimpa daftari, na kwa mara ya kwanza sikumwamkia.

Alisoma. Akasoma tena. Akaketi juu ya gunia la maranda na koti lake jeupe.

"Bi Somoe. Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu na siku nne, Daktari. Toa ile wiki ya korosho. Sikukuu ya Idi nilikuja mchana, lakini nilikuja."

"Uliwaita majina?"

"Namba tu," nilisema. "Sharti lilisema tusiwazoee."

Alijifunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza, nikaanza kuomba radhi, mtani wangu nisamehe, nifukuze kama ni kunifukuza. Alipoondoa mikono nikaona analia kweli na anacheka kweli, vyote kwa pamoja.

"Ningeandika uongo," alisema. "Wiki ijayo ningeandika uongo na kutia saini." Kisha akafuta uso kwa mkono wa koti, na aliposema tena hakukuwa na kicheko. "Nina hasira na wewe. Nataka ujue hilo."

"Najua."

"Miezi mitatu, Bi Somoe. Wanyama wale wote."

"Najua, Daktari."

Siku mbili hakusema nami ila la kazi, na nilistahili. Wanyama wetu hawaendi pensheni, mnajua mwisho wao, na kuwatumia wale wote bila jibu ni deni ambalo nimeondoka nalo. Siku ya tatu alikuja na karatasi. Alikuwa amekwenda kwa wakubwa na ule mstari wenye kilima, akawaeleza kila kitu, jina langu na lake. Sijui alisema nini, ila alirudi na ruhusa ya kuanza upya, safari hii kwa vyumba vitatu. Cha Kwanza, wanaoishi kwa kundi. Cha Pili, wapweke wasiosemeshwa. Cha Tatu, wapweke wanaoamkiwa.

"Niandikie unavyofanya," alisema. "Hatua kwa hatua, ili mtu yeyote aweze kurudia."

Nikaandika. Hatua ya kwanza, hodi. Hatua ya pili, gonga mara mbili kwa ukucha. Hatua ya tatu, umeamkaje. Hatua ya nne, subiri aitike. Alisoma kama anasoma sheria, akauliza, "Kuitika tunakupimaje?" Nikamwambia, pua kwenye waya. Akaandika: pua kwenye waya. Nilitamani mama angeona namna salamu zake zilivyopigwa chapa na kubandikwa ukutani.

Sikutegemea kwamba Chumba cha Pili kitanishinda mimi. Niliingia kimya, viatu vya mpira, macho chini. Siku za mwanzo wakisikia mlango walikuja mbele wote, pua kwenye waya, wakisubiri. Nililisha, nikasafisha, nikatoka. Wiki ya pili walikuja wachache. Baadaye Namba Saba mpya, ambaye hakuwa na undugu wowote na yule wa kwanza, aliacha kabisa kugeuka. Nilikuwa nafungua kizimba na kuona mgongo. Siku ile niliingia stoo, nikakaa kati ya magunia na kulia kwa sauti, mtu mzima na funguo zangu kiunoni. Lakini kesho yake sikumsemesha, na kwenye daftari niliandika ukweli: Sikusema neno.

Siku zangu za mapumziko Daktari ilibidi aamkie yeye Chumba cha Tatu. Mara ya kwanza nilibaki nyuma makusudi, nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Alisimama mbele ya kizimba cha kwanza amekakamaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akagonga kwa ukucha mara mbili, akanong'ona kitu. Panya hakutoka. Akatazama karatasi ya hatua. Akasubiri. Niliona mguu wake unaanza kucheza, kisha ukatulia. Panya alipotoka na kuweka pua kwenye waya, Daktari Rehema alisema kwa sauti niliyoisikia mpaka nje, "Na mimi nimeamka salama, ahsante." Hatua hiyo haikuwepo kwenye karatasi. Niliiongeza.

Mistari ilipotoka mara hii haikuwa reli. Wapweke wa kimya walipanda, wa kundi wakabaki chini, na walioamkiwa wakasimama katikati, karibu zaidi na wa kundi. Daktari alinikataza nisitangaze mjini kwamba tumegundua dawa. Alisema ni panya wachache wa nyumba moja, na binadamu si panya. Nikamwambia Mmakonde hahitaji kuambiwa hilo, sisi tunajua vizuri nani analiwa. Akanijibu kwamba hata Masasi wanamla. Basi nikajua kumbe miaka yote ile alikuwa ananitazama nikitaniwa na anakaa kimya na siri yake. Msimu uliofuata aliniagiza samaki nchanga kutoka Nanyamba, waliokaushwa, kwenye mfuko usioonesha. Tangu wakati huo pia alianza kumpigia mama yake kila asubuhi. Simu ilikuwa fupi. Umeamkaje, kimya, haya.

Mzee Issa, Mungu amrehemu, alipata kuiona karatasi ya hatua za kuamkia. Aliisoma akiwa na miwani miwili, akasema imekosa shikamoo.

Sasa niko Shangani, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Watoto wako Dar na Nampula, na jioni natembea ufukweni na watu waliokonda kuliko mimi. Miezi mitatu baada ya ninyi kuniaga nilikwenda zahanati kwa ajili ya jino, muuguzi akanifunga mkono kwa mazoea, akaangalia mashine, akanifunga tena. Presha ilikuwa juu. Aliniuliza nakula chumvi kiasi gani, nalala saa ngapi, nina mawazo gani. Aliandika majibu yote vizuri. Hakuuliza ninaishi na nani, na mimi, niliyetumia miaka kumfuatilia Namba Saba, nilijisikia aibu kumwambia. Nilichukua vidonge, na vidonge nameza, msije mkaacha vyenu kwa sababu yangu.

Nilimtajia Daktari Rehema kwa simu, kwa mzaha, kwamba mgonjwa wa Chumba cha Pili amestaafu. Hakucheka. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ililia.

"Hodi," alisema. "Namba Saba umeamkaje?"

"Salama, mtani."

"Haya." Akakata. Akapiga tena kesho, na keshokutwa, akiwa chumbani kati ya vizimba, nawasikia panya wakikwaruza nyuma yake. Wakati mwingine nilichelewa kupokea ili ilie kidogo, naye akasubiri.

Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku kucha na simu yangu ikazima. Asubuhi nilikuwa nimeshaamka, niko kitandani naitazama saa yenu ya dakika kumi mbele, nikiwaza kwamba leo hakuna wa kuniita. Nilishangaa jinsi lilivyoniumiza jambo dogo kama hilo. Ndipo niliposikia gari linasimama nje, hatua zikavuka kokoto, na ukucha ukagonga nondo za dirisha langu, mara mbili.

"Hodi, Bi Somoe. Umeamkaje?"

Sauti ilikuwa ya mtu aliyekimbia. Nilijifunika shuka mpaka kidevuni nikabana kicheko, nikakaa kimya, ili nimsikie akigonga tena. Akagonga. Hakuondoka. Basi nikainuka, nikaenda mpaka dirishani, nikaweka pua kwenye waya wa mbu.